Mtani Haombi Radhi

Mwaka ule wa uchaguzi, sabini na tano, redio ilikuwa ya serikali, gazeti lilikuwa la Chama, na televisheni watu waliisikia tu kwamba iko Unguja, picha zinatembea ndani ya sanduku. Huku bonde la Usangu, katika kijiji cha Azimio, alikuwapo Mbuke. Na nakwambia, aliyekuwa na Mbuke hakuwa na haja ya sanduku.

Mbuke alikuwa mke wa Budeba, Wasukuma waliohamia mwaka uliotangulia, wakifuata majani ya Usangu na ng'ombe zao. Mwanamke mrefu, mwenye mabega ya kubeba ndama, na mdomo ambao Mungu aliugawa mara mbili kwa bahati mbaya. Akikutazama mara moja tu umekwisha. Ataondoka na mwendo wako, kikohozi chako, na jinsi unavyokuna shingo ukidanganya, na kesho yake kisimani utajikuta unachekwa na watu ambao hata hukuwaudhi.

Sasa mletee mtu kama huyo kampeni za mwaka ule. Chama kimoja, wagombea wawili. Mmoja kapewa alama ya Jembe, mwenziwe Nyumba. Wote wawili wamepakiwa kwenye Land Rover moja, wanahutubia mkutano mmoja kwa zamu, huku wasimamizi wa Chama wamewakodolea macho wasije wakasemana vibaya. Marufuku kuongea kilugha, marufuku dini, marufuku kutaja kabila. Watu wawili wanagombea kiti kimoja, wanabanana kwenye siti moja, wanakula vumbi moja la Chimala, wanachekeana toka asubuhi mpaka jioni. Jamani! Hapo mchekeshaji anaongeza nini tena?

Mbuke aliongeza. Mwenyekiti wa kijiji, Andendekisye, Mnyakyusa mpole ambaye hata mbuzi wake walimpanda kichwani, alimpa nafasi baada ya kwaya na kabla ya hotuba, "achangamshe wananchi." Mbuke akasimama. Kwanza akawa Jembe, yaani Mzee Eliezeri, mwalimu mstaafu, ambaye hakuweza kumaliza sentensi bila kuwauliza wapiga kura kama wameelewa. "Nitaleta maji. Nitaleta nini?" "Maji!" waliitikia watu. "Wewe wa nyuma, rudia!" Mzee Eliezeri mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani akaifuta.

Kisha akawa Nyumba. Huyo alikuwa Ndugu Philbert, Mhehe wa Iringa, bwana mkubwa mwenye sauti inayotoka tumboni, aliyewahi kushika vyeo huko mkoani. Alikuwa mvutaji wa sigara. Akihutubia hupapasa mifuko yake, huu, huu, mpaka akipate kiberiti. Mbuke alikuwa amekiona hicho, si kingine. Akajifunika ungo kichwani, akaweka na nyasi juu yake, akasema kwa sauti ya tumboni, "Ndugu wananchi, mimi ni Nyumba. Ingieni nyote, mtaenea." Akaanza kupapasa mifuko. Akatoa kiberiti, akajifanya anawasha sigara, na hapo ndipo Nyumba ikakumbuka kwamba imeezekwa nyasi. Lo! Mbuke alikimbia uwanja mzima akijipepea kichwa, anapiga mayowe kwa sauti nene ya bwana mkubwa, "Maendeleo! Maendeleo yananiunguza!" Watu walianguka. Akina mama walishikana mabega. Hata mgambo aliyekuwa analinda meza ya wageni aligeukia upande mwingine, mabega yanamtikisika.

Ndugu Philbert hakucheka. Alikuwa na sigara mdomoni, haijawashwa, akaitoa akaivunja kati. Zamu yake ilipofika alisema maneno machache makavu, akaingia garini, na Mzee Eliezeri akalazimika kukatisha hotuba yake ili asiachwe, maana gari lilikuwa moja.

Kesho yake asubuhi Andendekisye alifika kwa Budeba, kofia mkononi.

"Mama Seni, umeniua."

"Mbona bado unapumua, mwenyekiti? Kaa, nikupe maziwa."

"Sitaki maziwa. Katibu Kata amekuja juu. Anasema umemtukana mgombea wa Chama. Jumamosi wanarudi hapa kufunga kampeni. Utasimama mbele ya watu wote uombe radhi. Usipoomba..." Alimtazama Budeba, akaona afadhali amalizie kwa mwanamume mwenzake. "Baba Seni, unajua kamati haijawakubali bado. Nyie si wanakijiji. Asipoomba radhi, nyumba inabomolewa, na ng'ombe zenu zinaswagwa zirudi zilikotoka."

Budeba alikaa chini. Ilikuwa Oktoba, jua linapasua ardhi. Ukiswaga ng'ombe toka Usangu mwezi huo kurudi usukumani utafika na ngozi, kama utafika. Na watoto wanne juu ya ngozi hizo.

"Lakini mwenyekiti," alisema Mbuke, "yule ni Mhehe, mimi Msukuma. Ni mtani wangu. Mababu zetu walishapigana na kutukanana wakachoka, ndiyo tukabaki na utani. Nikifika msiba wa Mhehe nasema amekufa kwa uroho wa nyama ya mbwa, na wafiwa wanacheka na machozi yao. Tangu lini mtani akashtakiwa?"

Andendekisye aligeuka nyuma kutazama kama kuna mtu. "Shii! Hapa hakuna Mhehe wala Msukuma. Kuna mwananchi. Ukitaja kabila kwenye kampeni ndiyo kosa lenyewe."

"Haya, kama hakuna Mhehe, sasa aliyekasirika ni nani?"

Mwenyekiti alitaka kucheka, akajizuia, na kujizuia huko kukamtia uchungu. "Nakuomba, mama. Ni maneno mawili tu. 'Naomba radhi.' Basi."

"Hayo mawili ndiyo yasiyosemeka. Mtani haombi radhi. Akiomba, amekiri kwamba halikuwa utani, lilikuwa tusi. Unaniambia nijishtaki mwenyewe."

Mwenyekiti alivaa kofia yake. Mlangoni akasita. "Yule bwana hayuko sawa, mama. Jana nilipanda nao gari mpaka barabara kuu. Njia nzima anauliza jambo moja. 'Nani kamwambia huyu mwanamke? Nani kamwambia?'"

"Kaniambia nini?"

"Mimi nitajuaje?" alisema Andendekisye, akaenda zake.

Mbuke alibaki amesimama. Mtu aliyetaniwa huuliza, nani kamtuma? Nani kampa kiburi? Lakini *nani kamwambia*? Hilo ni neno la mtu mwenye jambo. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na yeye alikuwa amelisema pasipo kujua kwamba lipo.

"Mayu," yaani mama, alisema Budeba taratibu, kwa Kisukuma chao, bila kuinua macho, "omba tu. Ulimi utapona. Ng'ombe hawatapona." Hakuwa mwoga, Budeba. Alishapambana na simba kwa mkuki. Lakini alikuwa amechoka kuhama, na Mbuke alilijua hilo, na likamuuma kuliko kama angemkaripia.

Mchana alichukua kibuyu cha maziwa akaenda kwa Evarista.

Evarista alikuwa mama wa Kihehe wa makamo yaliyokwisha kuelekea uzee, aliyekuja Azimio kukaa kwa mwanawe, dereva wa trekta katika mashamba ya mpunga. Alilala kwenye chumba cha nyuma, kati ya mitungi na magunia ya mkwe wake. Yeye na Mbuke walikuwa watani wa kila siku. Mbuke hakuwahi kumwamkia vizuri hata mara moja, na Evarista angeudhika kama angefanya hivyo.

"Mla mbwa, upo?"

"Nipo, mke wa ng'ombe. Leo umeoga? Maana nimekusikia kabla sijakuona."

Mbuke hakurudisha. Alikaa kwenye kigogo, akaweka kibuyu chini. Evarista akaacha kupeta mchele.

"Kuna nini?"

"Unatoka Iringa. Yule Philbert unamjua?"

Evarista aliokota chuya moja moja kwenye ungo ingawa mchele ulikwisha kuwa safi. "Namjua. Alikuja kwetu milimani wakati wa operesheni, mwaka jana, yeye ndiye mkubwa wao. Kila mtu ahamie kijijini, tarehe fulani. Sisi tulihama. Mama yangu, Damari, akakataa. Mzee, miguu imevimba, akasema nitakufa ninapokaa. Basi wale vijana wakaja kuchoma nyumba ili watu wasirudi."

"Mama yupo ndani?"

"Tulisema yumo. Nilishika mlango wa gari lake nikamwambia, bwana, mama yumo ndani. Akasema kila nyumba mnasema hivyo hivyo. Vijana walikuwa wameishiwa viberiti. Akapapasa mifuko yake, huu, huu, akawapa cha kwake."

Mbuke alijishika kichwa.

"Mwanangu alivunja ukuta kwa nyuma akamtoa. Alikuwa hai. Tukambeba kwenye machela mpaka Ilula tukitafuta lori la kwenda hospitali ya Iringa. Pale barabarani, wauza nyanya wanakimbilia mabasi, mimi nimekaa kwenye tenga nimempakata, akakata roho. Mama mmoja akanipa kanga yake nimfunike. Sikujua hata jina lake."

"Dada yangu," alisema Mbuke, naye hakuwahi kumwita dada. "Mimi sikujua. Haki ya Mungu sikujua. Niliona anapapasa mifuko tu, basi. Nimechezea kifo cha mama yako mbele ya kijiji kizima, na wewe umekaa unatazama."

"Nilicheka," alisema Evarista.

"Ulicheka?"

"Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikaja hapa nikalia, lakini si kwa kukukasirikia. Tangu siku ile nikifumba macho namwona mama anaungua. Jana kwa mara ya kwanza nilimwona *yeye* anaungua, anakimbia na moto kichwani kama kuku. Wewe ndiye uliyenionyesha." Alipangusa pua kwa ncha ya kanga. "Sasa nasikia wanataka uombe radhi. Omba. Una watoto. Sisi wengine tulishazoea."

Neno hilo la mwisho, tulishazoea, ndilo lililomkosesha Mbuke usingizi siku zote hadi Jumamosi. Akikamua ng'ombe analisikia. Akisonga ugali analisikia. Angeomba radhi, ndiyo, watoto wanne na Budeba aliyechoka. Lakini angeombaje? Kila alivyoyapanga maneno hayo mawili kinywani, yalitoka na maana ile ile, kwamba nimesema uongo, bwana mkubwa yule hakuchoma kitu. Na angeyasema hayo Evarista akisikia.

Jumamosi uwanja ulijaa kupita mara ya kwanza, maana habari zilishafika mpaka Chimala kwamba mchekeshaji ataomba radhi, na watu wetu hata kwenye maombolezo huenda kuona nani kavaa nini. Gari likaja. Wagombea wakashuka wakiwa wamekunja nyuso kwa vumbi, Jembe upande huu, Nyumba upande ule, na katikati Yotamu, Katibu Kata, mtu mwembamba mwenye shati la Chama lililopigwa pasi likasimama lenyewe. Walikuwa wamekuja na kipaza sauti cha betri.

"Ndugu wananchi," alisema Yotamu, "kabla ya yote kuna ndugu mmoja hapa aliyepotoka. Chama ni baba. Baba huadhibu na husamehe. Ndugu Mbuke, njoo."

Mbuke akaenda. Hakuwa na ungo, hakuwa na nyasi. Alivaa gauni lake la kanisani, na bila mbwembwe zake alionekana mkubwa tu na mwenye haya. Watoto walianza kucheka kwa mazoea, mama zao wakawafinya. Budeba alikuwa nyuma kabisa ya umati, amesimamia fimbo.

"Ndugu wananchi," alisema Mbuke, kwa sauti yake mwenyewe, na wengi ndiyo kwanza waliisikia. "Nimeambiwa niombe radhi. Naomba. Siku ile nilichoma nyumba kwa mchezo." Hakuwa anaigiza, maskini, machozi yalikuwa yanamtoka kwelikweli. "Nikawachekesha. Lakini sikuuliza kwanza kama ndani kuna mtu. Hilo ndilo kosa langu. Mtu asichome nyumba kabla hajauliza kama ndani kuna mtu. Naomba radhi kwa aliyekuwa ndani."

Basi. Alikuwa amemaliza. Yotamu aliinua mkono kuanza kupiga makofi, maana maneno "naomba radhi" aliyasikia, na kwake yalitosha.

"Alitolewa akiwa hai!"

Ni Ndugu Philbert. Alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake, na kipaza sauti kilikuwa mbele yake kimewashwa, kikaibeba ile sauti ya tumboni mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Akasikia mwenyewe ilivyorudi. Akafunga mdomo.

Mzee Eliezeri alivaa miwani yake. Alikuwa mwalimu miaka mingi, na mwalimu akisikia jibu lisilo na swali, lazima aulize.

"Nani huyo, Ndugu Philbert?" aliuliza kwa upole. "Nani alitolewa?"

Ndugu Philbert alianza kupapasa mifuko. Huu. Huu. Kisha akaona watu wote wanaitazama mikono yake, na hakuna hata mmoja anayecheka, akaishusha mikono ikaning'inia. Zamu yake ya kuhutubia ilipotajwa alisema anaumwa kichwa. Hakumwomba mtu yeyote achague Nyumba.

Sasa, ungedhani mambo yaliishia hapo kwa heri. Thubutu! Mkubwa akiumbuka, mdogo ndiye hulipa. Jumatatu asubuhi, siku chache kabla ya kura, Yotamu alituma mgambo wanne na barua ya mdomo: Budeba na mkewe si wanakijiji, wamevuruga kampeni, nyumba yao ibomolewe leo hii na mifugo itoke. Andendekisye aliambiwa aende awaonyeshe nyumba, kama vile kuna mtu Azimio asiyeijua. Akaenda, kofia mkononi, anatazama chini.

Mbuke alikuwa anatoa vyungu nje. Hakuwa na sauti ya mtu yeyote kinywani siku hiyo, hata yake. Budeba alikuwa anafungua zizi. Seni, binti yao mkubwa, alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni. Majirani walisimama mbali wakijifunika midomo kwa kanga.

Mgambo walipoweka ngazi kwenye paa, Evarista akaja. Alipita katikati yao kama mtu anayekwenda kuchota maji, akafika mlangoni, akakaa chini pale kizingitini, akanyoosha miguu yake, mmoja ndani mmoja nje.

"Nimeikamata," alisema.

"Umekamata nini, mama?" aliuliza mgambo mkubwa.

"Nyumba. Hawa Wasukuma ni watani zangu. Mtani akikamata kitu chako ni chake mpaka ukikomboe. Kuku, mbuzi, hata jeneza nimewahi kuliona limekamatwa na watu wakalikomboa. Mimi nimekamata nyumba. Nikomboeni, kisha mbomoe."

Mgambo walitazamana. Wawili walikuwa Wabena, wawili Wasangu, na desturi ile waliinyonya pamoja na maziwa ya mama. Unaweza kumsukuma bibi kizee. Lakini mtani aliyekamata humgusi, hata mlevi anajua. Mkubwa wao akamgeukia mwenyekiti. "Mwenyekiti, inakuwaje?"

Andendekisye alikuna shingo. Mambo ya kabila yalikuwa marufuku, alijua, aliyasema mwenyewe. Akamtazama Mbuke aliyesimama na chungu mkononi. Akavaa kofia. "Mama, unataka kikombozi gani?" aliuliza, na kwa kuuliza tu tayari alikuwa amekubali.

"Sitaki kuku wala mbuzi," alisema Evarista. "Nataka Ndugu Philbert. Siku ile hakushuka garini. Mwambieni aje hapa, ashuke, asimame mbele yangu aniamkie. Aseme 'shikamoo mama' kama mtu aliyezaliwa. Nitamwitikia. Nitatoka mlangoni, naye aibomoe kwa mikono yake."

Mgambo wakashusha ngazi, wakaenda kupeleka ujumbe. Ulifika. Tunajua ulifika, kwa sababu dereva wa Land Rover alikuwa na mdomo, na alisimulia kwamba bwana mkubwa aliposikia alikaa garini mpaka jioni, amefunga vioo.

Hakuja. Evarista alikaa kizingitini mpaka siku ya kura, Mbuke anamletea maziwa na kumruka kila akiingia na kutoka, na wakaanza tena kutukanana polepole. Nyumba ilishinda jimbo lile kwa kura za huko mbali, ambako hawakusikia kilichotokea, na Ndugu Philbert akaenda zake bungeni. Katika sanduku la Azimio hakupata hata kura za kujaza kiganja. Lakini Azimio moja haiwi jimbo, na ndivyo dunia ilivyo, ukitaka kukasirika kasirika.

Baada ya mvua za kwanza kamati ya kijiji ikakaa, Yotamu akiwamo, kumaliza suala la nyumba ile. Evarista aliitwa.

"Nyumba hii ni ya nani?" aliuliza Andendekisye.

"Yangu. Niliikamata, haikukombolewa. Mimi ni mwanakijiji, na jina langu mnalo."

"Na hao Wasukuma wanaokaa ndani?"

"Watani zangu. Nimewapa mahali pa kulala."

"Mama," Yotamu akaingilia, "tulishasema katika nchi hii hakuna kabila wala mambo ya watani."

"Ndiyo, mwanangu," alisema Evarista. "Hakuna kabila. Kuna nyumba. Moja mliichoma na mama yangu ndani. Hii hamuichomi."

Yotamu alifungua mdomo. Andendekisye akamwambia akae.